npm install imegoma? Usikimbilie --force, soma kwanza

Wadau, leo naomba tuache siasa kidogo. Najua wengi mnapita hapa kutafuta habari za mjini, lakini kuna jambo nimelirudia kwa simu mara nyingi mno, mtu mmoja mmoja, nikaona bora niliandike mara moja liishe. Wasiohusika na mambo ya programu mnisamehe, kesho tunarudi kwenye mada zetu.

Ijumaa iliyopita jioni mpwa wangu kanipigia. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Nikajua tu kuna kitu, maana huyu bwana mdogo siku zote anatuma meseji, kupiga simu kwake ni dalili ya moto. Kumbe kapata kazi yake ya kwanza ya kulipwa: tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi. Ilitengenezwa mwaka 2020 na kijana mwingine ambaye sasa simu yake haipatikani. Mwenye duka anataka bei zibadilishwe na picha mpya ziwekwe, basi. Akikabidhi Jumatatu asubuhi analipwa nusu ya hela iliyobaki, na hiyo nusu ndiyo kodi ya chumba. Kazi yenyewe ni ya saa mbili. Ila tangu Jumatano hajaandika hata mstari mmoja, kwa sababu kila akiandika npm install skrini inajaa maandishi mekundu.

"Umejaribu nini mpaka sasa?" nikamuuliza.

Hapo ndipo nilipochoka. Kijana kaenda kwenye magrupu ya WhatsApp, kila mtu kampa dawa yake. Mmoja kamwambia aweke sudo mbele. Mwingine kamwambia afute node_modules. Wa tatu kamwambia afute na package-lock.json. Wa nne, npm cache clean --force. Wa tano kamwambia Python haipo, aiweke. Kafanya yote, kwa mpangilio huo huo, na kamaliza bando tatu. Hakuna hata mmoja kati ya hao watano aliyemuuliza: kosa linasemaje?

Nikamwambia aje na laptopu Jumamosi.

Kabla sijaeleza tulichokuta, niseme kidogo npm inafanya nini hasa, maana watu wengi wanaitumia miaka bila kujua. (Na tuelewane: nikisema kifurushi hapa nina maana ya kipande cha programu kilichoandikwa na mtu mwingine. Kile cha data tutakiita bando, tusichanganyane.) Ryan Dahl alitoa Node.js mwaka 2009, na mwaka 2010 Isaac Schlueter akaleta npm ili watu wagawane vifurushi. Leo ghala lake kuu lina vifurushi zaidi ya milioni 2. Ukiandika npm install, inasoma faili la package.json kujua unataka nini, inasoma package-lock.json kujua matoleo kamili yaliyotumika mara ya mwisho, halafu inashusha vyote, inahakikisha havikuharibika njiani, inavifungua ndani ya folda ya node_modules, na mwisho inaendesha vijiprogramu vya usakinishaji ambavyo baadhi ya vifurushi huja navyo.

Kila kifurushi kina vifurushi vyake, na hivyo navyo vina vyao. Projekti iliyoanzishwa kwa create-react-app ilikuwa inavuta zaidi ya 1,000 wakati wewe umeomba vitatu vinne tu. Mwezi Machi 2016 kifurushi kimoja cha mistari 11, left-pad, kiliondolewa na mwenyewe kwa hasira, na projekti kubwa kubwa duniani zikagoma kusakinishwa siku hiyo hiyo. Wengi wao hata hawakuwahi kukisikia. Kwa hiyo kosa unaloliona mara nyingi halitoki kwenye kitu ulichokiomba. Linatoka kwa mjukuu wa mjukuu wake, na usipomtafuta huyo utapiga risasi gizani.

Haya, Jumamosi mpwa kafika. Nikamwambia asifute kitu, aendeshe amri mara moja tu, halafu apandishe juu. Wengi hatufanyi hivi! Tunasoma mstari wa mwisho kwa sababu ndio ulio mbele ya macho. Mstari wa mwisho wa npm unakwambia tu kwamba kuna logi imehifadhiwa mahali fulani. Mistari ya katikati inalia kwa matokeo ya kosa. Chanzo kiko juu, pale kitu cha kwanza kiliposhindikana. Kwenye matoleo ya zamani mistari hiyo inaanza na npm ERR!, kwenye mapya inaanza na npm error. Ile ya njano inayosema warn deprecated iruke kwanza, inakwambia kifurushi kimezeeka, siyo kwamba kimekataa.

Tukapandisha juu sana. Mstari wa kwanza wenye maana ulikuwa huu:

Cannot download ".../node-sass/releases/download/v4.14.1/linux-x64-127_binding.node": HTTP error 404 Not Found

Chini yake ndipo likaja lile la Python lililomhangaisha siku nzima:

Error: Can't find Python executable "python"

Angalia mpangilio wake. Node-sass ni kifurushi cha kugeuza faili za mitindo za Sass kuwa CSS ya kawaida. Ndani yake kuna kitu kilichoandikwa kwa lugha ya C++, kwa hiyo kinahitaji kipande kilichokwisha kuandaliwa kwa ajili ya toleo lako la Node. Ile namba 127 ni Node 22, ndiyo aliyonayo mpwa kwenye laptopu yake mpya. Toleo la 4.14 la node-sass lilikuwa la zama za Node 14. Hakuna mtu aliyewahi kuandaa kipande chake cha Node 22, ndiyo maana ghala linajibu 404: hakipo, na hakitakuwepo. Baada ya kukikosa, node-sass inasema basi ngoja nijitengenezee mwenyewe hapa hapa, na ili ijitengenezee inamwita node-gyp, na node-gyp ndiyo inayotafuta Python.

Yaani Python haikuwa ugonjwa, ilikuwa homa tu. Mpwa kameza dawa ya homa: kaweka Python, bando likaliwa, akaendesha tena, akaambiwa Python aliyonayo ni v3 na gyp hiyo ya zamani haiikubali, inataka Python 2. Python 2 ilisitishwa rasmi tarehe 1 Januari 2020! Jamaa wa grupu akamwambia aitafute hivyo hivyo. Duh.

Ukishaliona hilo, njia ni mbili. Ya kwanza, urudi kwenye Node ya zamani kwa kutumia nvm, kifaa kinachokuruhusu kuwa na matoleo mengi ya Node kwenye kompyuta moja:

nvm install 14

Inafanya kazi, na kama una saa moja tu ya kuokoa jahazi mimi sitakulaumu. Lakini Node 14 ilikwisha kuachwa bila marekebisho ya usalama tangu Aprili 2023, na mwenye duka akirudi mwakani tatizo litakuwa pale pale. Njia ya pili ni kumwondoa mgonjwa. Walioshughulika na node-sass wenyewe walishatangaza kwamba imefikia mwisho, na badala yake kuna kifurushi kinachoitwa sass, ambacho ni JavaScript tupu, hakidai Python wala C++. Tukachagua hii. Ila kwanza ilibidi tusafishe uchafu wa yale madawa ya siku tatu, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo bando zinapokufa.

Npm ina stoo yake kwenye kompyuta yako. Kila ilichokishusha inakiweka humo, kwenye Linux na Mac ni folda ya .npm ndani ya nyumbani kwako. Ukifuta node_modules na kusakinisha tena, vifurushi vinatoka stoo, havishushwi upya. Kwa hiyo kufuta node_modules siyo ghali, japo mara nyingi hakusaidii. Sasa angalia alichofanya mpwa. Alipoandika sudo npm install, kompyuta ilimchukulia kuwa ni mtumiaji mwingine, yule mkuu anayeitwa root, mwenye nyumba yake na stoo yake, na stoo ile ilikuwa tupu. Ikashusha kila kitu upya. Bando la kwanza. Alipofuta package-lock.json, npm ikapoteza kumbukumbu ya matoleo ya 2020, ikaanza kutafuta mapya yanayoruhusiwa, ambayo stoo haina. Bando la pili. Alipoandika npm cache clean --force, kaiteketeza stoo kwa mkono wake. La tatu hilo.

Hiyo amri ya kusafisha stoo inanikera kuliko zote kwa sababu imeenea mno. Tangu npm 5, mwaka 2017, stoo inajikagua yenyewe: ikikuta kitu kimeharibika inakitupa na kukishusha upya hicho kimoja. Ndiyo maana npm inakataa kusafisha mpaka uandike --force, yaani inakuuliza una uhakika? Ukiwa na wasiwasi na stoo, andika hii, inakagua bila kufuta vilivyo vizima:

npm cache verify

Na kwa nini alifuta package-lock.json? Kwa sababu aliona onyo la njano linalosema old lockfile, akadhani ndilo kosa. Onyo lile linasema tu kwamba faili ni la npm ya zamani, inabidi taarifa kadhaa ziongezwe, na kwamba litatokea mara moja, vumilia. Yeye hakuvumilia. Bahati nzuri yule kijana wa mwanzo, pamoja na kutopokea simu, alikuwa mtu wa git. Tukarudisha faili:

git checkout package-lock.json

Folda ya node_modules ilikuwa imekuwa mali ya root kwa sababu ya ile sudo, kwa hiyo kila akijaribu kama yeye mwenyewe anapata EACCES, maana yake huna ruhusa. Ukipata EACCES ndani ya folda ya projekti yako, jiulize nani aliandika sudo. Tukaiondoa, hapa sudo ina kazi halali:

sudo rm -rf node_modules

Kisha:

npm uninstall node-sass
npm install --save-dev sass

Ndani ya package.json kulikuwa na amri ya node-sass scss -o css, tukaigeuza kuwa sass scss:css. Zikatokea njano kadhaa zikilalamikia alama ya kugawanya iliyotumika kwa mtindo wa kizamani, nyekundu hata moja. Tovuti ikafunguka saa tano asubuhi. Mpwa hakusema kitu, kaenda kununua maandazi.

Sasa, kosa ambalo huletwa kwangu kuliko yote siyo hilo, ni ERESOLVE. Lilizaliwa na npm 7, Oktoba 2020. Kabla ya hapo, kifurushi kikisema "mimi naishi na React ya 16 au 17 tu" na wewe una 18, npm ilikuwa inakuonya na kuendelea. Tangu 7 inakataa. Mfano ambao nimekutana nao mara nyingi: mtu ana React 18, anafuata mafunzo ya zamani yanayomwambia asakinishe @material-ui/core, toleo la 4. Toleo lile linataka React 16 au 17. Npm inamwandikia mistari kama kumi ya Found na Could not resolve, na mwisho inamtajia --force au --legacy-peer-deps. Mtu anachukua la kwanza analoliona, na ni --force.

Kusoma ujumbe ule ni rahisi ukijua uangalie wapi. Found inakwambia ulichonacho. Peer inakwambia kinachodaiwa, na mbele yake limetajwa jina la anayedai. Huyo anayedai ndiye wa kushughulika naye. Ukitaka kuhakikisha:

npm view @material-ui/core peerDependencies

Kwa mfano huu jibu ni kwamba kifurushi kilibadilishwa jina toleo la 5 lilipotoka mwaka 2021, kikawa @mui/material, na hicho kinaishi na React 18 vizuri. Hakuna nguvu iliyohitajika, ni mafunzo tu yalikuwa ya kale. Siyo kila mara utabahatika hivyo. Pengine mwandishi wa kifurushi kaacha kazi na hakuna mbadala. Hapo --legacy-peer-deps inakubalika, inairudisha npm kwenye tabia ya kabla ya 7, lakini jua umekopa: npm imekuonya kwamba hawa wawili hawajathibitishwa kuishi pamoja, na wewe umesema nitaona mbele ya safari. Iandike mahali. Mwenzako atakayechukua projekti asije akateseka kama mpwa wangu. Ndugu yake, npm audit fix --force, ni hatari zaidi, maana anaweza kupandisha matoleo makubwa bila kukuuliza na kuvunja kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana.

Makosa ya mtandao nayo yapo, ECONNRESET, ETIMEDOUT na wenzake. Hapo hakuna la ajabu, mtandao umekatika katikati. Npm kwa kawaida inafungua njia hadi 15 kwa wakati mmoja, na kwa simu iliyogeuzwa kuwa modemu hiyo ni vurugu. Mimi hupunguza, na huiambia iangalie stoo kwanza:

npm install --prefer-offline --maxsockets 3

Inakwenda polepole, lakini inafika. Na ikikatika, rudia tu bila kufuta chochote, kilichokwisha kushuka kiko stoo.

Kuna moja lilinichekesha, japo mwenyewe hakucheka. Jamaa ana kompyuta ya mezani ya zamani, kila akisakinisha anapata CERT_NOT_YET_VALID. Kashauriwa aweke strict-ssl false, yaani azime ukaguzi wa kwamba anaongea na ghala la kweli. Nikamwambia angalia saa yako hapo pembeni. Kompyuta ilikuwa mwaka 2009! Kile kibetri kidogo cha kwenye bodi kilikufa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma, na cheti cha usalama kinaonekana hakijaanza kutumika. Karekebisha tarehe, ikapita. Kibetri chenyewe ni cha bei ndogo tu.

Mengine nayapitia haraka. ENOENT inayotaja package.json maana yake uko kwenye folda siyo, angalia ulipo. EPERM kwenye Windows mara nyingi ni kwamba kihariri chako, seva uliyoiacha inaendelea, au antivirusi imeshikilia faili. Funga, jaribu tena. PowerShell ikikataa npm.ps1, tumia dirisha la kawaida la cmd uendelee na maisha. ENOSPC ukiipata wakati wa kusakinisha, diski imejaa. EINTEGRITY inasema kilichoshuka hakilingani na alama iliyoandikwa kwenye package-lock.json, hii usiipuuze, kwa sababu ndiyo kinga inayogundua kifurushi kilichochezewa njiani.

E404 nayo itazame vizuri, hasa herufi za jina, kabla hujabahatisha jina jingine linalofanana. Mwaka 2017 mtu aliweka ghalani kifurushi kinachoitwa crossenv, kikifanana na cross-env cha kweli, na kazi yake ilikuwa kuiba siri zilizohifadhiwa kwenye mazingira ya kompyuta. Na Septemba 2025 mwenye vifurushi vikubwa kabisa, chalk na debug vikiwemo, alidanganywa kwa barua pepe ya uongo, vikatolewa matoleo yenye sumu kwa saa chache. Kumbuka nilivyosema juu, vifurushi vinaendesha vijiprogramu vyake wakati wa kusakinishwa. Ukisakinisha kwa sudo npm install -g, unavipa vijiprogramu hivyo funguo za nyumba nzima. Tumia nvm, kila kitu kitakaa kwenye folda yako na hutaihitaji sudo tena kwa npm.

Mpwa alikabidhi Jumatatu saa tatu. Mwenye duka kapitia bei zote kwa kalamu, kakuta ya mabati imekosewa, kaamuru irekebishwe pale pale, kalipa. Kodi imelipwa.

Mwenye kosa lake alilete hapo chini kwenye maoni. Ila naomba mje na mistari ya juu kabisa ya kosa pamoja na majibu ya node -v na npm -v. Picha ya skrini ya mstari wa mwisho sitaijibu, nimechoka nazo.